Mtoto sugu hafundishiki kwa fimbo, na ubongo wake unaonyesha kwa nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua na naomba msinikatie sana, maana hili jambo nimekaa nalo muda mrefu na haliwezi kuisha kwa mistari mitatu. Kila yakitokea mauaji ya kutisha hapa nchini, basi wiki nzima kwenye redio, kwenye daladala, saluni, kwenye magrupu ya WhatsApp maneno ni yaleyale, huyo ni shetani, huyo ana majini, huyo ni saikopati, anyongwe tu. Hasira naielewa kabisa, na aliyeua aende mahakamani, hapo sina ubishi. Ila mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha watoto wadogo, na swali linaloninyima raha ni moja, huyo mtu alipokuwa na miaka saba nani alikuwa anamfundisha? Kuna mwalimu alimuona, kuna mama alimuona, kuna shangazi alisema huyu mtoto mbona hana huruma. Na karibu kila mahali dawa aliyopewa ilikuwa fimbo. Ndo ninachotaka kuandika leo, kwamba huyu ndiye mtoto ambaye fimbo haimfundishi kitu, utafiti umeshaonyesha hivyo kwa miaka mingi, na bado ndiye tunayemchapa kuliko wote.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Saikopati siyo kichaa. Haokoti makopo, hasikii sauti, anajua leo ni siku gani na anajua kuua ni kosa. Daktari Hervey Cleckley wa Augusta, Georgia, kule Marekani, aliwaelezea kwenye kitabu chake cha 1941, na wengi aliowaandika hawakuwa wauaji, walikuwa watu wa maneno matamu, wanapendeza, akili wanazo, ila hawana aibu, hawajutii kitu, upendo wao unaishia mdomoni, wanadanganya hata pale ambapo uongo hauwasaidii chochote. Baadaye Robert Hare wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, akatengeneza orodha ya mambo 20, kila jambo mtu anapewa 0, 1 au 2, jumla inakuwa 40, na Marekani ya Kaskazini mtu akifikisha 30 ndo anahesabiwa saikopati. Hiyo orodha haijazwi na mtu aliyesoma habari kwenye simu, inajazwa na mtaalamu aliyefundishwa, aliyepitia faili la mhusika na kukaa naye. Makadirio yanayotumika sana ni kama mtu mmoja katika kila mia kwenye jamii, na kwenye magereza ya kule kwao kati ya 15 na 25 katika kila mia. Kwahiyo walio wengi hawajaua mtu na hawataua, wengine wako maofisini, wengine wako kwenye ndoa za watu, wanaacha nyuma yao watu waliolia na madeni.

Sasa mzizi wake. Wengi wetu tunadhani mtu wa aina hii amejaa chuki, kifua kinachemka. Walipompima walikuta kitu tofauti, walikuta woga umepungua. Mwaka 1957 David Lykken wa Minnesota aliwapa wafungwa kifaa chenye vibonyezo vinne, katika kila hatua kibonyezo kimoja ni sahihi na kimojawapo kati ya vile vya makosa kinakupiga shoti ya umeme. Watu wa kawaida walijifunza njia na bila hata kuambiwa wakajifunza kukwepa shoti. Wale wenye dalili za usaikopati njia waliijifunza vizuri tu kama wenzao, akili haikuwa tatizo, ila shoti hawakujifunza kuikwepa. Wanapigwa, wanaendelea, wanapigwa tena. Hare naye miaka ya 1960 akamwambia mtu, tazama namba zitapita kuanzia 1 hadi 12, ikifika 8 utapigwa shoti. Wewe na mimi hapo kwenye 4, kwenye 5 viganja vinaanza kulowa jasho. Saikopati viganja vikavu, labda jasho kidogo sana mwishoni kabisa. Yani maumivu yenyewe anayasikia, kinachokosekana ni ile hofu inayotangulia, ule moyo kwenda mbio kabla jambo halijafika, na hiyo hofu ndo inayomfanya mtoto wa kawaida aache kuiba sukari hata kama mama hayupo jikoni.

Na hapa kuna kipande ambacho natamani kila mwalimu wa nidhamu akisome mara mbili. Mwaka 1970 mtafiti anaitwa Schmauk alirudia jaribio kama lile la Lykken, ila adhabu akaibadilisha, kundi moja linapigwa shoti, lingine likikosea linakemewa, lingine likikosea linakatwa hela. Kwenye shoti na kukemewa saikopati walishindwa kama kawaida yao. Kwenye hela walijifunza vizuri kabisa! Kumbe kujifunza wanaweza, inategemea unamshika wapi.

Tuje kwenye ubongo wenyewe. Ndani kabisa, kila upande, kuna kijisehemu kinaitwa amigdala, kidogo kama punje ya lozi, ndo kinachokushtua ukisikia breki za gari nyuma yako kabla hata hujageuka. Kinawasiliana muda wote na sehemu ya mbele ya ubongo iliyo juu ya macho, ambayo kazi yake mojawapo ni kupima, nikifanya hivi itanigharimu nini, yule atajisikiaje. Mwaka 2011 watafiti wa Wisconsin, Marekani, waliwapima wafungwa kwa MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, wakaona kwa saikopati mawasiliano kati ya sehemu hizi mbili ni hafifu, na hata zile nyuzi zinazoziunganisha ziko dhaifu kuliko za wafungwa wengine. Mtafiti mwingine, Kent Kiehl, yeye aliamua kupakia mashine ya MRI kwenye trela na kuizungusha kwenye magereza ya New Mexico, maana wafungwa huwezi kuwapanga foleni hospitali, na amepiga picha za ubongo wa maelfu ya wafungwa.

Afu kuna kazi ya James Blair, Mwingereza, ambayo mimi kama mwalimu imeniingia kuliko zote. Hoja yake ni kwamba mtoto hajifunzi kuacha kuumiza wenzake kwa sababu ameambiwa ni dhambi. Anajifunza kwa sababu kilio cha mwenzake kinamuumiza na yeye. Mwangalieni mtoto wa miaka mitatu amemsukuma mwenzake akaanguka, akaona damu, akasikia kile kilio, uso wake mwenyewe unabadilika, anataka kulia na yeye, anakuja kujishika kwenye gauni la mama. Hilo likijirudia mara nyingi, ubongo unaunganisha kuumiza na kujisikia vibaya, na dhamiri inaanza kujengeka hapo. Sasa yule ambaye amigdala yake haishtuki akiona uso wenye hofu, hilo somo linampita kila siku. Kwenye vipimo, watoto na watu wazima wa aina hii wakionyeshwa picha za nyuso, hasira wanaitambua, furaha wanaitambua, lakini hofu, na mara nyingine huzuni, wanaikosa kuliko wenzao. Na upande wa pili wa jambo hilohilo, Abigail Marsh wa Georgetown mwaka 2014 alipima watu waliotoa figo zao kwa mtu wasiyemjua kabisa, bila kulipwa, akakuta amigdala yao ya kulia ni kubwa kuliko ya watu wa kawaida na inashtuka zaidi ikiona uso wenye hofu. Mimi hilo liliniliza kidogo, kwamba huruma ina mahali pake mwilini, na kwamba anayeona hofu ya mwenzake vizuri ndiye anayekimbia kusaidia.

Ila nisiwadanganye wasomaji, picha ya ubongo haimtaji mtu. James Fallon, profesa wa ubongo wa California, alikuwa anapitia picha akaona moja inafanana kabisa na za wauaji aliokuwa anawachunguza, kuangalia jina ni ubongo wake mwenyewe, mtu alikuwa na mke, na watoto, hakuwahi kuua. Yupo pia mwanamke wa Marekani, kwenye maandishi ya kitabibu anatajwa kwa herufi tu, S.M., ambaye ugonjwa uliharibu amigdala zote mbili, nyoka hamtishi, majambazi hawamtishi, na bado ni mtu mwenye upole na anayewajali watoto wake. Na kuna watafiti wa Kanada wamezipitia tafiti nyingi za MRI wakasema wazi kwamba matokeo hayalingani, na mengi hayakuonyesha tofauti yoyote. Kwahiyo mtu akija kukwambia atampima mwanao kwa mashine akwambie kama atakuwa muuaji, huyo ni tapeli, mfukuze.

Kitu kingine ambacho kimenipa moyo ni cha Uholanzi. Mwaka 2013 timu ya Christian Keysers pale Groningen ilileta wafungwa saikopati chini ya ulinzi, wakawaonyesha video za mikono miwili tu, mkono unabembeleza mwingine, mkono unapiga mwingine, mkono unausukuma mwingine usikae nao. Walipotazama kawaida, sehemu za ubongo zinazohusika na kuhisi cha mwenzako zilikuwa kimya kuliko za watu wengine. Afu wakaambiwa, haya sasa tazama tena, jaribu kuhisi anachohisi yule, na ile tofauti ikapungua sana, karibu iishe. Maana yake uwezo upo, ila haujiwashi wenyewe. Mimi na wewe unajiwasha tupende tusipende, ukiona mtoto wa jirani ameungua uji unakunja uso bila kupanga.

Watu huuliza hivi ni damu au ni malezi. Jibu ni vyote, ila siyo kwa ule urahisi tunaousema vibarazani. Essi Viding na wenzake mwaka 2005 walitumia mapacha wa Uingereza na Wales wenye miaka saba, na waliojaza fomu za tabia walikuwa walimu wao wa darasa. Kwa watoto wakorofi ambao pia hawana huruma, ukorofi ulitokana na urithi kwa kiasi kikubwa, kama asilimia 81. Kwa watoto wakorofi ambao huruma wanayo, urithi ulikuwa kama asilimia 30 tu, kilichobaki ni mazingira. Yani ukorofi wa nje unafanana, mizizi ni tofauti. Mmoja anapiga wenzake kwa sababu nyumbani anapigwa, amejaa hofu, kila anayemsogelea anaona anakuja kumdhuru, huyo amigdala yake inashtuka kupita kiasi. Mwingine anapiga kwa utulivu, anataka penseli ya mwenzake basi. Sisi wote wawili tunawapanga mstari mmoja asubuhi na wanapata fimbo za idadi moja.

Lakini urithi siyo hukumu. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa Marekani wa familia 561 zilizolea watoto wa kuasili, watoto waliochukuliwa wakiwa wachanga kabisa. Wale ambao mama zao wa kuwazaa walikuwa na historia ya uhalifu na ukorofi mkubwa walionekana kuwa na ugumu wa moyo zaidi wakifika miaka miwili na kidogo, ingawa mama huyo hawakuishi naye. Ila pale ambapo mama mlezi alikuwa na mazoea ya kumsifia mtoto kwa vitu vidogo akiwa na miezi 18, vizuri mwanangu, asante, umeweza, ile nguvu ya urithi haikuonekana tena. Fikiria, miezi 18, mtoto hata sentensi hana. Na kule Bucharest, Romania, watoto waliokulia kwenye vituo vya yatima vya serikali, ambako mtoto anakaa kitandani siku nzima bila wa kumbeba, waligawanywa kwa kura, wengine wakapelekwa kwa familia za walezi, na walipofuatiliwa wakiwa wakubwa, wavulana waliopelekwa kwa familia walikuwa na huruma kuliko waliobaki kwenye vituo.

Naomba sasa niseme nilichokiona mwenyewe, shule siitaji na mtoto simtaji. Alikuwa wa darasa la tatu, msafi, anaongea vizuri, anasalimia shikamoo kwa wakati wake. Alimbana mwenzake vidole kwenye mlango wa darasa, akaufunga taratibu huku anamwangalia usoni, siyo kwa hasira, alikuwa anatazama. Akaitwa mbele wakati wa paredi, akaambiwa nyoosha mkono. Akapigwa wa kulia, na kabla mwalimu hajasema kitu akanyoosha wa kushoto, macho yake yako kwa kunguru waliokuwa juu ya paa la stoo. Watoto waliokuwa mstari wa mbele walikuwa wanatetemeka kuliko yeye, mmoja alijikojolea. Na ndo nikaelewa ile fimbo ilimfundisha nani na ilimfundisha nini, iliwaogopesha watoto ambao hawakuwa na tatizo, na yeye ikampa sifa, akaitwa "chuma" mpaka anamaliza. Sisemi mtoto yule alikuwa saikopati, mtoto haitwi hivyo, hata vitabu vya kitabibu vya Marekani vya mwaka 2013 vinakataa, vinasema tu kwamba mtoto mwenye tabia ya ukorofi anaweza kuwa pia na upungufu wa hisia za kujali wenzake, na ili useme hivyo lazima umuone kwa miezi 12, nyumbani na shuleni, hajutii, hahurumii, hajali akifeli, hisia zake ni za juujuu, angalau mawili kati ya hayo.

Kilichokuja kusaidia kidogo kwenye vipindi vyangu ni makubaliano. Nilimpa kazi ya kugonga kengele, kazi ambayo kila mtoto anaitaka, na kwamba siku ikipita hakuna aliyelia kwa sababu yake kesho yake anagonga, akimuumiza mtu kesho anagonga mwingine, bila kelele, bila matusi, na keshokutwa anaanza upya. Nikawa nikizungumza naye nachuchumaa tunakuwa sawa, namwambia niangalie machoni, haya mwangalie na Fulani machoni, unaona nini. Hilo la macho sikulibuni, Mark Dadds wa Australia alionyesha mwaka 2006 kwamba watoto wa aina hii wanashindwa kusoma hofu kwa sababu hawatazami macho ya mtu, na wakielekezwa tu watazame macho wanaisoma karibu sawa na wenzao. Kwenye vipindi vyangu vilio vilipungua. Kwenye vipindi vingine, ambako fimbo iliendelea, hakubadilika.

Wapo watakaosema mwalimu huyu analea wahalifu. Basi waangalie Wisconsin. Tangu 1995 kuna kituo kinaitwa Mendota pale Madison kwa ajili ya wavulana ambao jela za watoto zimeshindwa nao, wanaopiga askari, wanaorusha kinyesi, alama zao za usaikopati ziko juu. Zamani mfumo ulikuwa kila akikosea unamuongezea adhabu, akizidi unamfungia peke yake, naye anazidi, hakuna mwisho. Mendota wakaja na utaratibu kwamba ulivyokaa leo ndo kunaamua utapata nini kesho, muda wa michezo, redio, chakula unachopenda, na alama zinahesabiwa kila siku tena na tena. Michael Caldwell na wenzake wakawafuatilia baada ya kutoka. Kwenye kundi la kulinganisha, waliokaa jela za kawaida, baada ya miaka michache walikuwa wameua watu 16. Waliopitia matibabu ya Mendota hawakuua hata mmoja. Wakapiga na hesabu, kila dola 10,000 iliyotumika iliokoa kama dola 70,000 za kesi na jela. Siyo kwamba walitoka malaika, wengi walirudi kwenye makosa, ila watu 16 ni watu 16, kila mmoja ana mama. Na siyo kila matibabu yanafaa, kule Ontario, Kanada, miaka ya 1960 na 1970 hospitali moja ya wahalifu iliwafungia saikopati pamoja uchi siku nyingi wakiwa wamepewa dawa za kulevya ili eti wafunguke mioyo, na walipofuatiliwa walionekana kurudia ukatili kuliko ambao hawakutibiwa kabisa.

Ila kilichonifanya niandike kwa gazeti badala ya kunung'unika ofisini ni Morisi. Morisi, kisiwa cha Afrika, bahari yetu hiihii ya Hindi. Mwaka 1972 walichukuliwa watoto 1,795 wa miaka mitatu, karibu wote waliozaliwa kipindi kimoja kwenye miji miwili, Vacoas na Quatre Bornes, na mmoja wa waliosimamia kazi alikuwa Mmorisi mwenyewe, Cyril Dalais, pamoja na Peter Venables wa Uingereza na Sarnoff Mednick. Mtoto anakaa kwenye mapaja ya mama yake, anavalishwa hedifoni, kwenye vidole kuna vifaa vya kupima jasho. Unalia mlio fulani, afu inafuata kelele mbaya ya kushtua. Unalia mlio mwingine, haifuati kitu. Baada ya mara kadhaa mtoto wa kawaida akisikia tu ule mlio wa kwanza vidole vinatoka jasho, ameshajua kinachokuja. Wakawaacha, watoto wakakua, wakaoa, wakapata kazi. Walipofika miaka 23, mtafiti Adrian Raine na wenzake wakapitia rekodi za mahakama za kisiwa kizima, wakapata 137 waliokutwa na hatia, wakawalinganisha na wengine 274 wa jinsia ileile, asili ileile, maisha magumu yaleyale. Wale 137, kama kundi, miaka ishirini nyuma kwenye mapaja ya mama zao, vidole havikutoka jasho. Ubongo ulikuwa tayari haukamati ishara ya hatari, mtu akiwa na miaka mitatu.

Ungedhani basi imeshaisha, mtu kaandikiwa. Haikuisha! Watoto 100 kati ya hao waliingizwa kwenye chekechea maalumu tangu miaka 3 hadi 5. Kulikuwa na maziwa, juisi ya matunda, chakula cha moto cha samaki au kuku au kondoo na saladi, mazoezi na michezo ya nje kila siku, matembezi, mafunzo ya usafi, walimu waliofundishwa kazi na watoto wachache kwa kila mwalimu. Hakuna dawa, hakuna mashine. Walipofika miaka 11 vipimo vilionyesha ubongo wao uko macho zaidi kuliko wa wenzao waliosoma chekechea za kawaida. Wakiwa na miaka 17 ukorofi ulikuwa chini, na waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa na utapiamlo wakiwa na miaka mitatu. Wakiwa na miaka 23, makosa waliyoyakiri wenyewe yalikuwa pungufu kwa kama theluthi moja. Utafiti huu haukuwa wa saikopati peke yao, nakubali, ulikuwa wa watoto wote. Ila ni mtoto wa kisiwa maskini wa miaka ile, samaki na kucheza na mtu mzima anayemjali, na matokeo yanaonekana miaka 18 baadaye.

Sasa turudi kwetu Tanzania. Takwimu za afya za 2022 zinasema watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, na mikoa inayoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha nchi nzima mahindi. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, mle ndani kuna lishe, afya, ujifunzaji, ulinzi, na kitu kinaitwa malezi yenye mwitikio, ambayo ukiisoma vizuri ni yaleyale ya Morisi na yaleyale ya mama anayemsifia mtoto wa miezi 18. Karatasi ni nzuri, naipongeza kwa dhati. Lakini huko huko tuna kanuni za 2002 zinazoruhusu viboko visivyozidi vinne shuleni, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, viandikwe kwenye kitabu, na kila anayefanya kazi shuleni anajua kama hivyo vinne vinahesabiwa na kama hicho kitabu kinafunguliwa. Kenya wao walifuta viboko shuleni mwaka 2001. Mtoto anatoka kwenye programu ya malezi yenye mwitikio anaingia darasa la kwanza anakutana na bakora, hivi hizo ofisi mbili huwa zinazungumza?

Kwahiyo Mhariri nina maombi mawili kupitia gazeti lako. La kwanza ni kwa wizara ya elimu, viboko vifutwe angalau kuanzia elimu ya awali hadi darasa la nne kwa kuanzia, na chuo cha ualimu kifundishe njia nyingine, maana mwalimu anaweza kuwa na watoto zaidi ya mia darasani na ukimnyang'anya fimbo bila kumpa kitu mkononi utakuwa umemuonea na yeye. La pili ni kwa wataalamu wa afya ya akili wa Muhimbili na wa Mirembe Dodoma, waandike humu kwa Kiswahili cha kueleweka, mama akiona mtoto wake wa miaka mitano anatesa paka, anaumiza wadogo zake, akichapwa halii, aende wapi, aanzie dirisha gani, aseme nini akifika. Wazazi wananiuliza hilo swali getini, mimi nawaelekeza kwa afisa ustawi wa jamii, na wanarudi wanasema wameambiwa ni utundu tu, atakua. Majibu ya wataalamu mkiyapata naomba myachape hata kwa vipande, nitayabandika kwenye ubao wa matangazo wa shule.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Morogoro